Mafiga Matatu ya Shamba la Mahindi

Mtu wa Kenya akiulizwa chakula chake ni kipi, hujibu upesi kwamba ni ugali. Na ugali, kwa wengi, ni wa mahindi. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba mahindi ni mali ya mababu zetu tangu zama za kale. Sivyo. Asili yake ni Mexico, ambako watu wa kale waliyatoa katika majani ya mwituni wakayafanya zao la shambani, yapata miaka 9,000 iliyopita. Afrika yaliletwa baada ya Wazungu kuanza safari za kuvuka bahari ya Atlantiki. Katika bara ya Kenya, mtama, wimbi na mawele ndivyo vilivyojaza maghala kwa muda mrefu, na mahindi hayakuvishinda mpaka karne ya 20. Mapema katika karne hiyo walowezi walileta mbegu nyeupe kutoka Afrika ya Kusini, kama ile iitwayo Hickory King. Mbegu hizo zilichanganyika mashambani, na kizazi chake kikaenea katika nyanda za juu.

Katika mwaka wa 1955 kazi ya kuzalisha mbegu bora ilianzishwa Kitale, katika nchi ya Trans Nzoia, karibu na Mlima Elgon. Aliyeiongoza alikuwa mtaalamu M. N. Harrison. Yeye na wenzake walichagua mimea iliyo bora miongoni mwa mahindi ya huko, wakaizalisha kwa uangalifu, na mwaka 1961 wakatoa mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II. Lakini mahindi yale yote yalikuwa kama ndugu wa ukoo mmoja, na ndugu wakioana hawaleti damu mpya nyumbani. Kwa hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1950, Harrison alikuwa amekwisha kwenda Amerika ya Kati na Kusini kutafuta mbegu za ukoo wa mbali. Miongoni mwa zile zilizoletwa ilikuwamo moja ya wakulima wa milima ya Ecuador, iliyotambulikana kwa namba 573. Ilipooanishwa na ile ya Kitale, watoto waliwashinda wazazi. Mbegu hiyo chotara, H611, ilitolewa mwaka 1964, nayo ilizaa kiasi cha 40 kwa mia zaidi ya Kitale Synthetic II.

Yafaa tufahamu maana ya chotara. Mhindi una ua la kiume kileleni, na ua la kike ni lile gunzi changa lenye ndevu. Wazalishaji wa mbegu hupanda mistari ya koo mbili bega kwa bega, kisha hung'oa maua ya kiume ya ukoo mmoja, ili ndevu zake zipate chavua ya ukoo wa pili tu. Punje zitokazo hapo huota kwa nguvu nyingi ajabu. Lakini nguvu hiyo haidumu. Mkulima akitwaa punje za mavuno yake na kuzipanda tena, mimea hutoka mchanganyiko, na mazao hupungua. Jambo hili lilibadili desturi. Zamani mama wa nyumba alichagua magunzi mazuri akayatundika juu ya meko yapate moshi, na hiyo ndiyo ikawa mbegu ya mwaka ujao. Sasa mbegu chotara ilikuwa kitu cha kununuliwa kila mwaka. Kenya Seed Company, iliyoundwa mwaka 1956 ili kuzalisha mbegu za majani ya malisho, ikashika kazi ya kuizalisha mbegu hiyo, na maduka madogo ya vijijini yakaifikisha kwa wakulima wadogo. Hivyo, katika miaka ya kwanza ya Uhuru, mbegu ikaenea haraka katika wilaya za magharibi. Kwa nchi kavu za Ukambani ilihitajiwa mbegu ya namna nyingine, ikomaayo kabla mvua haijakatika. Nayo ilipatikana katika kituo cha Katumani, karibu na Machakos.

Je, mbegu peke yake ilitosha? Swali hili lilijibiwa pale pale Kitale katika miaka ya 1960, katika majaribio ya mtaalamu A. Y. Allan. Katika baadhi ya viwanja mahindi ya kienyeji yalipandwa kwa kuchelewa, bila nafasi nzuri, na palizi ikawa haba. Katika vingine, mbegu chotara na mbolea vilitumiwa kwa ulegevu ule ule. Katika vingine tena, mbegu ilikuwa ya kienyeji, wala haikutiwa mbolea, lakini ilipandwa mapema, kwa nafasi, ikapaliliwa sawasawa. Matokeo yaliwashangaza wengi. Mbegu chotara na mbolea mikononi mwa mkulima mlegevu ziliongeza mavuno kidogo tu. Ukulima mwema, hata kwa mbegu ya kienyeji, uliyazidisha zaidi ya maradufu. Na pale yote yalipokutana, yaani mbegu, mbolea na ukulima mwema, mavuno yalifika kiasi cha mara nne.

Kwa nini kupanda mapema kuna faida kubwa hivyo? Sehemu ya jibu ilipatikana Muguga, karibu na Nairobi, ambako mtaalamu H. F. Birch alichunguza udongo katika miaka ya 1950. Aliona kwamba udongo uliokauka kiangazi, ukinyeshewa na mvua za kwanza, huamka ghafla. Vijidudu vyake huozesha masalio ya mimea na kutoa naitrojeni nyingi kwa siku chache. Mahindi yaliyokwisha pandwa huikuta karamu hiyo, na yaliyochelewa hukuta sahani tupu, kwa maana mvua imekwisha ichukua naitrojeni chini kuliko mizizi.

Udongo nao una kikomo chake. Mbolea za amonia zikitiwa mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali ardhini, hata ikabidi kutia chokaa. Kule Kabete, jaribio lililoanzishwa mwaka 1976 limeonyesha kwamba shamba lilimwalo mfululizo hupoteza mboji yake, hata likitiwa mbolea ya dukani. Upotevu huo hupungua pale samadi na mabua yanaporudishwa ardhini pamoja na mbolea hiyo.

Wako wasemao kwamba mkulima maskini ni mvivu, ndiyo maana huchelewa kupanda. Maneno hayo si ya haki. Mvua inyeshapo, asiye na ng'ombe wa kulimia hungoja mpaka mwenye nao amalize shamba lake. Na asiye na akiba huenda kulima kwa watu apate chakula cha siku, huku lake linasubiri. Ukulima mwema hauuzwi dukani, lakini nao una gharama yake. Basi anayetaka kuisaidia nchi kwa elimu yake asidhani kazi imekwisha mfuko wa mbegu ufikapo kijijini. Na aulize pia jembe li wapi, samadi i wapi, na nani atakayepalilia. Wazee walisema, figa moja haliinjiki chungu. Mbegu ni figa moja, mbolea na udongo uliotunzwa ni la pili, na la tatu ni mkono wa mkulima uliopata nafasi ya kufanya kazi kwa wakati wake.