Mwalimu: Safari ya Neno la Sifa

Maneno ya sifa katika Kiswahili ni mengi, na aghalabu wenye haja huwapa wenye nguvu. Neno mwalimu ni la namna nyingine. Aliyelibeba kwa umaarufu kuliko wote alitoka bara, pande za Mara, ilhali neno lenyewe lilishukia pwani.

Asili yake ni Kiarabu, muallim, yaani afundishaye, katika mzizi uliotuzalia elimu, mtaalamu, maalumu na alama. Mswahili aliposikia ile mu- ya mwanzo aliifanya kuwa m- ya mtu, akalipa neno wingi wake, walimu, kisha akazaa ualimu. Mgeni akawa mwenyeji kwa njia ya sarufi. Visiwani na pwani lilibaki pia umbo lililo karibu na asili, maalim, la mwenye chuo cha Kurani.

Mabaharia wa Kiarabu nao walimwita muallim yule ajuaye nyota, pepo na miamba. Vasco da Gama alipong'oa nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, rubani aliyemvusha hadi Calicut aliandikwa na Wareno "Malemo Cana". Malemo hiyo ni muallim iliyopita katika masikio ya kigeni. Mwalimu, basi, ni aonyeshaye njia.

Mwaka 1934 Kambarage, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, aliingia shule ya Mwisenge katika mji wa Musoma, mji wa Kamunyonge na kata nyingine za kando ya Ziwa Viktoria. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kizanaki. Baadaye alifundisha Tabora, akaenda Edinburgh kusoma, 1949 hadi 1952. Huko Waskoti walikuwa na neno lao la mwalimu wa shule, dominie, lililotoka katika Kilatini domine, "ee bwana". Neno lao lamtazama mwalimu kwa ubwana wake. Letu lamtazama kwa elimu yake.

Aliporudi alifundisha Pugu, na mwaka 1955 akaiacha chaki kwa ajili ya siasa. Kazi ilikwisha, jina likabaki. Urais nao aliuacha mwaka 1985; jina halikumwacha hadi kufa kwake mwaka 1999, wala baada yake.

Zanzibar nako Seif Sharif Hamad, aliyefundisha kabla ya kuingia siasa, aliitwa Maalim hadi alipofariki mwaka 2021. Alifukuzwa CCM mwaka 1988 akawa mpinzani. Neno halikumuuliza chama.

Sifa hii ina rehani. Thamani yake yote imekopwa kwa mtu asimamaye mbele ya watoto, kidole cheupe kwa vumbi la chaki. Siku mtu huyo atakapodharauliwa, iwe Kamunyonge au Unguja, wakubwa walioitwa kwa jina lake watakuwa wamesifiwa kwa neno tupu.