Mzazi na mwalimu: namna ya kushirikiana ili mtoto ajifunze

Wapo wazazi katika vijiji vya milima ya Uluguru wanaokwenda shuleni mara mbili tu: siku ya kumwandikisha mtoto na siku ya kuitwa mambo yakiharibika. Kati ya siku hizo mbili, mtoto anaweza kufika darasa la tatu akikariri kurasa za kitabu bila kujua kusoma, na nyumbani wasigundue.

Elimu bila ada haina maana ya elimu bila mzazi

Tangu Januari 2016, shule za serikali hutoa elimu bila ada kuanzia awali hadi kidato cha nne. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vimebaki kuwa jukumu la mzazi. Kufuatilia kama mtoto anaelewa nalo ni jukumu lake.

Nani aende shuleni?

Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana sauti katika malezi. Watoto wengine hulelewa na bibi wakati wazazi wako Morogoro mjini au Dar es Salaam. Mweleze mwalimu wa darasa mtoto anaishi na nani, na umwachie namba ya simu ya anayelala naye nyumba moja.

Uulize nini?

Ukiuliza "anaendeleaje?", utajibiwa "anajitahidi", na mazungumzo yataishia hapo. Uliza hivi:

- Anasoma sentensi mpya mwenyewe, au anakariri?
- Ni hesabu zipi zinazomshinda?
- Wiki hii nimsaidie nini nyumbani?

Usisubiri matokeo ya upimaji wa darasa la nne. Uliza mapema, angalau mara moja kila muhula.

Nyumbani, hata kama hujui kusoma

Mwambie mtoto akusomee maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Ahesabu mikungu ya ndizi, akokotoe chenji. Kama nyumbani mnazungumza Kiluguru, msimulie hadithi kwa Kiluguru, kisha akurudishie kwa Kiswahili, lugha anayofundishiwa shule ya msingi.

Siku za soko na mvua

Huko Mgeta mboga zikiwa tayari haziwezi kusubiri, na mtoto ni mikono ya ziada. Lakini anayekosa siku moja kila wiki amepoteza sehemu moja kati ya tano ya masomo yake. Mpe kazi hiyo baada ya vipindi au Jumamosi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mlimani huteleza na vijito hujaa. Kubalianeni na majirani watoto watembee pamoja, na mwalimu ajue wanaotoka mbali.

Mkitofautiana

Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Isipotatuliwa, ipeleke kwenye Kamati ya Shule, ambayo ina wawakilishi wa wazazi, au kwa afisa elimu kata. Usimseme mwalimu vibaya mbele ya mtoto. Akimdharau mwalimu, hata somo lake atalidharau.

Mwalimu anamwona mtoto wako akiwa darasani, wewe unamwona akiwa nyumbani. Mkikaa pamoja hata robo saa, kila mmoja atajua jambo ambalo mwenzake alikuwa halijui.