Sumukuvu: kutoka bata mzinga wa Uingereza hadi mahindi ya Kondoa

Ndugu mkulima, wiki hii sitazungumzia mbolea wala viuatilifu. Mwezi huu nimeulizwa mara tatu, kila mara na mtu tofauti: hii sumukuvu imetoka wapi, mbona wazee wetu walikula mahindi miaka yote na hawakuisikia? Swali ni la haki. Kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo, na tuanzie kwa ndege.

Mwaka 1960 wafugaji wa Uingereza walianza kuokota mizoga ya bata mzinga mabandani. Ndege waliacha kula, mabawa yakalegea, baada ya siku chache wakafa. Katika miezi michache walikufa zaidi ya 100,000. Madaktari wa mifugo walitafuta kirusi wakakikosa, wakatafuta sumu zilizojulikana wakazikosa pia. Ndiyo maana ugonjwa ukaitwa ugonjwa X, yaani usiojulikana. Walichokiona wakiwapasua ni maini yaliyoharibika vibaya.

Kilichowaunganisha ndege hao ni chakula: mashudu ya karanga kutoka Brazil. Lakini wakati huohuo bata wachanga walikuwa wanakufa Kenya na Uganda, na wao walilishwa mashudu ya karanga za huku huku Afrika Mashariki. Kwa hiyo tatizo halikuwa la shehena moja ya ng'ambo. Nawaambia wale wanaosema sumukuvu imeletwa na mbegu za kisasa: ilikuwepo kwenye karanga zetu kabla hata hatujapata uhuru.

Mwaka 1961 watafiti waligundua kuvu aliyehusika, Aspergillus flavus, na kutoka katika jina lake wakaunda jina la sumu: aflatoksini. Sumu hiyo ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno hung'aa, nyingine buluu, nyingine kijani. Ukisikia wapimaji wanataja B1 au G1, herufi hizo zimetokana na majina ya Kiingereza ya rangi hizo mbili. B1 ndiyo mbaya kuliko zote.

Hadi hapo watu wengi waliiona kuwa shida ya mifugo. Mwaka 1974, magharibi mwa India, wanavijiji walikula mahindi yaliyonyeshewa na kuota ukungu. Zaidi ya watu 100 walikufa, na mbwa waliokula chakula hichohicho walianza kuugua kabla yao. Mwaka 1981 ikawa Machakos, Kenya: wagonjwa 20 walilazwa wakiwa na macho ya njano, 12 wakafariki.

Kisha likaja la 2004, ambalo kila afisa ugani wa ukanda huu anapaswa kulijua. Ilikuwa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Hadi katikati ya Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu waliougua. Watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba wakilinganisha waliougua na majirani wazima. Waligundua kwamba waliougua walikuwa wamekula mahindi ya shambani kwao wenyewe, na wengi waliyahifadhi yakiwa na unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Ukifikiri utawaelewa. Mwaka wa njaa nani anaacha mahindi nje yaibiwe? Unavuna mapema, unayaficha chumbani unakolala, na humo kuna joto, hakuna hewa, na punje bado mbichi. Walikuwa wanalinda chakula cha watoto wao.

Kwetu ilifika 2016. Mikoa ya Dodoma na Manyara, kule Kondoa, Chemba na Kiteto, watu walianza kuumwa tumbo, kutapika, macho kuwa njano, matumbo kujaa maji. Mwanzoni ulitajwa kuwa ugonjwa usiojulikana, kama ule wa bata mzinga miaka 56 nyuma. Ilipomalizika walihesabiwa wagonjwa 68 na vifo 20. Chanzo kilikuwa mahindi.

Sasa nirudi kwa wazee. Wazee wa Dodoma walikula zaidi mtama na uwele, nafaka ambazo kwa kawaida hupata sumukuvu kidogo kuliko mahindi na karanga. Mahindi machache waliyokuwa nayo yalining'inizwa juu ya jiko yakapigwa moshi mpaka yakakauka. Sisi tumehamia ugali wa mahindi asubuhi na jioni, tunayarundika kwenye viroba, na ukame unayachosha yakiwa bado shambani, maana kuvu huyu huanza kuingia hapohapo kwenye bua. Halafu kuna sumu ndogondogo ya kila siku. Hiyo haiui kwa wiki moja, huleta saratani ya ini baada ya miaka mingi, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Nani angeihusisha na mahindi?

Kinga zipo. Aflasafe, ambayo ni punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii hiyohiyo wasio na sumu, ilisajiliwa Kenya 2015 na Tanzania 2018. Humwagwa kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, na kuvu hao huchukua nafasi ya wale wabaya. Serikali nazo zimeanza kupima: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hii, na malori yakakwama mpakani kabla ya zuio kulegezwa kwa masharti.

Kuna jambo moja bado linaniudhi. Mtu anachambua mahindi vizuri, yaliyooza anayatenga, kisha anawamwagia kuku, au anampa mama anayepika pombe. Jamani, tulianza na bata mzinga! Ng'ombe akila pumba zenye sumu, sehemu yake hutoka kwenye maziwa. Kuchemsha ugali hakuiondoi. Kukoboa hupunguza, lakini kinachopungua kimekwenda kwenye pumba hizohizo. Yaliyooza yafukie.

Na kabla hujafunga mfuko wa kinga njaa msimu huu, chukua chupa kavu ya glasi, tia punje kiasi cha theluthi moja na vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Rudisha kwenye turubai.