Dakta Williamson na Walioshika Chekeche

Mtajie Mwadui kijana yeyote wa Shinyanga, naye atakujibu kwa jina moja tu: Williamson. Siku hizi huna haja ya kwenda maktaba kumsoma. Yumo kwenye Wikipedia, ile kamusi elezo ya kwenye intaneti, na yumo katika maandishi mengine mengi yanayofuata mkondo uleule. Swali langu ni dogo lakini lina uzito: je, wasifu huo ni mzuri? Na kwani wasifu wa mwanasayansi tuupime kwa mizani gani?

Sitahukumu sentensi moja moja, maana makala za kamusi ile hubadilika. Unachokisoma leo, kesho kimeongezwa au kimefutwa. Nitautazama mkondo wa hadithi yenyewe. Nao nitaupima kwa maswali matatu. Mambo yaliyotajwa ni sahihi? Unatuonyesha mtu huyo alijuaje alichokijua? Na unatuambia alikuwa na nani?

Kwa swali la kwanza tutoe haki: wasifu unapita. John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Quebec, Kanada. Alisomea jiolojia Chuo Kikuu cha McGill hadi akapata udaktari. Katika miaka ya 1930 alikuja Afrika kufanya kazi kwenye makampuni ya madini, akafika Tanganyika na kuhangaika na almasi za Mabuki, upande wa Mwanza. Mwaka 1940 akaupata mwamba wa Mwadui. Akafa Januari 1958, akiwa na miaka 50, kwa saratani ya koo. Warithi wakauza mgodi, nao ukawa wa ubia kati ya kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Hayo yote yanathibitika.

Tuje swali la pili. Hapa ndipo hadithi inapoanza kuchechemea. Jiwe la kwanza lilipatikanaje? Wapo wanaosimulia kwamba gari lilikwama matopeni, na katika kulinasua jiwe likaonekana. Wapo wanaosema liliokotwa chini ya mbuyu. Wapo wanaosema msaidizi wake Mwafrika ndiye aliyelileta. Ni hadithi tamu, lakini utamu wake unaficha kazi. Almasi za namna hii hukaa katika mwamba uitwao kimbalaiti, uliopanda juu kwa mlipuko wa volkano kutoka chini sana ardhini. Mtafutaji hufuata madini yanayoandamana na mwamba huo, kama ilmenaiti na ganeti, akirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kule yanakotoka. Maana yake ni mashimo mengi, changarawe nyingi, maji, na chekeche kutwa nzima juani. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Wasifu unaoruka kutoka shahada ya McGill hadi bahati ya matope umetunyima mwanasayansi, umetupa mwenye bahati nasibu.

Na sasa swali la tatu, ambalo ndilo linalonikera. Nani alichimba mashimo yale? Nani alishika chekeche?

Tazama habari ya ile almasi ya waridi. Ilipatikana Mwadui mwaka 1947, ikiwa na uzito wa karati 54.5. Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa Novemba mwaka huohuo. Ikachongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Tunatajiwa uzito kabla ya kuchongwa na baada ya kuchongwa. Tunatajiwa na sonara: Cartier. Lakini mkono uliolitenga jiwe lile na changarawe, kwa kawaida hautajwi. Hata wakili I. C. Chopra wa Mwanza, aliyekuwa mshirika wa Williamson na mwenye hisa mgodini, mara nyingi hupewa mstari mmoja tu, kama abiria aliyedandia. Eka na eka za mwamba, hekta 146 juu ya ardhi, eti mtu mmoja! Hapana bwana. Mwamba wa namna hiyo hauchimbwi na wasifu wa mtu mmoja.

Atatokea wa kusema: ndivyo dunia ilivyo, bosi huandikwa, kibarua husahaulika. Siyo lazima iwe hivyo, na mfano tunao hapahapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Katika kutengeneza aiskrimu akaona mchanganyiko wake uliotiwa ukiwa wa moto umeganda kabla ya uliopoa. Akauliza, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilelile mgeni wa shule, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Osborne hakucheka. Alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakatoa makala katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwamo. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya jambo lenyewe, lakini wanabishana wakilitaja jina lake. Tofauti ya Mpemba na vibarua wa Mwadui siyo akili. Ni kwamba yupo aliyeandika jina.

Nalo jambo hili halikomei Mwadui. Ukienda Geita utakuta lilelile. Mgodi wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa kisasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Mwaka wa kufungua na mwaka wa kufunga vimeandikwa. Lakini kule Nyarugusu wapo wachimbaji wadogo wanaoutambua mwamba kwa rangi na uzito, wanaojua duara lielekezwe wapi kuufuata mkanda wa dhahabu, kabla jiwe halijafika kwenye karasha. Ujuzi huo umepita mdomo kwa mdomo, na anayezikwa anazikwa nao.

Tusikimbilie kuilaumu kamusi. Wikipedia ina sharti lake: jambo linaloingia lazima liwe limekwisha kuchapishwa mahali panapoaminika. Sharti hilo ni zuri, linazuia uzushi. Lakini lina matokeo yake: ambaye hajaandikwa popote hana mlango wa kuingilia. Pengo katika wasifu wa Williamson halikuanzia kwenye kompyuta. Lilianzia kwetu, tuliokuwa na wazee wakisimulia Maganzo na vijiji vya Kishapu, na hatukushika kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa lakini nina neno kwa wenzangu tunaojifunza uandishi. Usije ukaivunja hekaya ya Mzungu wa matopeni ukasimika nyingine, ya kijana wa Kisukuma aliyeokota jiwe na kudhulumiwa, kwa sababu tu inatupendeza. Kama ushahidi upo, ulete. Kama haupo, sema kuwa watu husimulia hivyo. Mimi ndoto yangu ni riwaya, na riwaya inaniruhusu kumpa jina asiye na jina, na hata kumpa mke na wimbo wa kuimba. Historia hainiruhusu. Anayechanganya hizi mbili anamdhulumu yuleyule kibarua mara ya pili: kwanza alinyimwa jina, sasa anabandikwa la uongo.

Basi kazi ni ipi? Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1957, wakati Williamson yu hai, leo amevuka miaka 85. Wachache wa rika hilo tunao bado. Mfuate babu huyo na daftari. Usimwulize kwanza kama alimwona Mzungu. Mwulize aliajiriwa mwaka gani, alifundishwa kazi na nani, chekeche lilishikwaje, alitambuaje almasi katikati ya changarawe, alilipwa shilingi ngapi, alilala wapi. Mwulize majina ya aliofanya nao kazi. Mwombe kuona kitambulisho cha kazi kama amekihifadhi. Kisha uulize na wa pili na wa tatu, ulinganishe. Halafu chapisha: gazetini, katika kijitabu, au katika jarida dogo kama hili.

Siku hayo yakichapwa, kamusi itakuwa na cha kunukuu. Williamson atabaki, maana alikuwa mwanajiolojia kweli. Ila hatakuwa tena peke yake shimoni.