Chombo Kisichojua Kurudi

Saa sita ya usiku, mlipuko wa gesi unaonekana kwenye uso wa sayari ya Mirihi. Usiku wa pili, saa ile ile, unaonekana tena. Inakuwa hivyo kwa usiku kumi mfululizo, kisha kimya. Siku nyingi baadaye, kabla hakujapambazuka, kitu kinaanguka katika nyika ya Horsell, nje kidogo ya mji wa Woking, kusini-magharibi mwa London. Mtu wa kwanza kukifikia ni Ogilvy, mtazamaji wa nyota. Anakuta silinda kubwa imejizika mchangani, upana wake yadi 30 hivi, yaani karibu mita 27, na ina joto kali kiasi kwamba haishikiki. Anapoitazama vizuri anaona ncha yake ikizunguka taratibu. Ni kifuniko cha parafujo, na kuna kiumbe anayekifungua kutoka ndani.

Hicho ndicho chombo cha anga katika riwaya ya H. G. Wells, *The War of the Worlds*, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la *Pearson's Magazine* kuanzia Aprili hadi Desemba 1897, kisha ikawa kitabu mwaka 1898. Wengi wanaoikumbuka hukumbuka zile mashine za miguu mitatu zinazotembea juu ya nyumba za watu, au mwali wa joto unaoteketeza kila kinachosimama mbele yake. Mimi ninasomea shahada ya uzamili ya historia, na kinachonivuta zaidi ni silinda. Sisi tumefundishwa kukiuliza kila chombo kilichofukuliwa ardhini maswali yale yale: kimeundwaje, kwa kazi gani, na waliokiunda walikuwa watu wa namna gani? Silinda ya Wells ni ya kubuni, lakini hujibu maswali hayo vizuri kuliko vyungu vingi vya makumbusho. Majibu yake hayahusu Mirihi hata kidogo. Yanaihusu Uingereza ya miaka ya 1890.

Tuanze na mahali ilikotoka. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli, mwanaastronomia wa Italia, alichora mistari aliyodhani ameiona kwenye Mirihi, akaiita *canali*. Kwa Kitaliano neno hilo laweza kumaanisha mkondo wowote wa maji, hata wa asili. Kwa Kiingereza likageuka kuwa mfereji, kitu kilichochimbwa. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa miaka minane tu kabla, na fikra za watu zilikuwa zimejaa mifereji. Percival Lowell, tajiri wa Marekani, alijenga kituo cha kutazama nyota huko Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kilichodai kwamba Mirihi ni sayari inayokauka na kwamba wakazi wake wanavuta maji kutoka ncha zake ili waokoke. Mistari yenyewe haikuwapo; lilikuwa kosa la macho. Lakini Wells alipata alichokihitaji: taifa lenye akili, lenye kiu, na lenye sababu ya kuhama.

Mwaka 1894 kulikuwa pia na taarifa ya kweli ya watazamaji wa nyota kuona mwanga usio wa kawaida kwenye Mirihi. Wells aliuingiza katika riwaya yake, na msimulizi wake anadhani ulikuwa mwanga wa kusubu mzinga mkubwa ndani ya shimo lililochimbwa katika sayari hiyo. Kwa hiyo chombo cha Wamirihi kilirushwa kama kombora. Hakina injini wala usukani, na hakuna rubani. Ni risasi yenye abiria ndani.

Wazo hilo halikuwa lake. Jules Verne alikuwa amewarusha watu kuelekea mwezini kwa mzinga mwaka 1865, katika riwaya aliyoijaza hesabu. Lakini hesabu haziwahurumii abiria wa mzinga. Ili kitu kiponyoke mvuto wa Mirihi kinahitaji kasi ya kilomita 5 hivi kwa sekunde. Tuseme mtutu wa Wamirihi ulikuwa na urefu wa kilomita nzima. Kufikia kasi hiyo ndani ya kilomita moja kungemgandamiza kila abiria kwa nguvu inayozidi uzito wake wa duniani mara 1,200. Marubani wa ndege za kivita, pamoja na mavazi yao maalumu, huvumilia mara tisa hivi. Kutua kungekuwa balaa jingine. Kitu kinachotoka Mirihi bila breki huingia katika anga yetu kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde. Kimondo kilicholipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013, kilikuwa na upana wa mita 20 hivi. Hakikufika chini kikiwa kizima, na bado vioo kilivyovunja vilijeruhi watu zaidi ya 1,000. Silinda ya mita 27 isingemwachia Ogilvy shimo la kuchungulia.

Wells hakuwa mjinga wa sayansi. Alisoma biolojia kwa T. H. Huxley huko South Kensington, London. Ikiwa alichagua mzinga, ni kwa sababu katika zama zake mzinga ndio uliofupisha umbali kati ya taifa moja na jingine. Meli za kivita zilikuwa na mizinga, na mizinga iliamua nani atie saini mkataba gani.

Sasa tutazame kilichomo ndani ya silinda, na kisichomo. Wamirihi walikuja na vipande vya mashine, wakaviunganisha shimoni. Baadaye msimulizi anaichungulia mashine yao moja ikichukua udongo wa mfinyanzi na kuugeuza kuwa vipande vya alumini, bila kuchoka. Mashine zao hazina gurudumu hata moja. Zina viungo vinavyojikunja kama misuli. Wana silaha, na wana namna ya kutengeneza zaidi kutokana na ardhi ya wenyeji. Wasichokuwa nacho ni njia ya kurudi. Hakuna mzinga wa pili wa kuwarusha kwao, wala dalili ya kwamba walitaka kuujenga.

Hapo ndipo Kiswahili kinaponisaidia kufikiri. Watu wa pwani yetu huita jahazi chombo, neno lile lile tunalolitumia leo kwa chombo cha anga. Chombo cha pwani kilikwenda kwa ratiba ya upepo: kaskazi ulikileta kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ukakirudisha. Nahodha aliyechelewa kusi alikaa miezi akisubiri, akaoa, akajifunza lugha, akawa na watu pande mbili za bahari. Sitaki kuipamba historia hiyo. Majahazi hayo hayo yalibeba watumwa, na kwao safari ilikuwa ya kwenda tu. Lakini aliyekishika chombo alijua kwamba mwakani atarudi bandari ile ile, na kwamba atakaowakuta wanakumbuka alivyowatendea. Silinda haina mwakani. Anayekuja kwa chombo cha namna hiyo hahitaji soko, mkalimani wala jina zuri. Anahitaji ardhi.

Wells alijua anaandika nini. Riwaya aliitoa tabaruki kwa kaka yake Frank, aliyempa wazo hilo walipokuwa wakizungumza juu ya watu wa Tasmania na yaliyowapata baada ya Waingereza kufika. Katika sura ya kwanza kabisa anawaambia wasomaji wake kwamba kabla ya kuwalaumu Wamirihi, wakumbuke wao wenyewe walivyowafuta Watasmania katika muda wa miaka 50. Kwa jambo moja alikosea: Watasmania wa asili hawakufutika. Vizazi vyao vipo hadi leo, na kuambiwa kwamba hawapo ni sehemu ya madhila yao.

Riwaya inapopeleka jeshi Horsell, miongoni mwa silaha kuna bombomu mbili za Maxim. Msomaji wa London wa mwaka 1897 aliijua bunduki hiyo. Hiram Maxim aliibuni mwaka 1884, ikiweza kufyatua risasi kama 600 kwa dakika. Henry Morton Stanley aliibeba moja katika msafara wa kumfuata Emin Pasha mwaka 1887. Frederick Lugard aliingia nayo Buganda mwaka 1890, na Januari 1892 ikatumika katika mapigano ya Mengo. Kwa msomaji yule, Maxim ilikuwa jibu la mwisho la kila ubishi. Wells anaipeleka mbele ya Wamirihi, na haifui dafu. Kwa mara ya kwanza Mwingereza anasimama pale aliposimama Mganda.

Miezi minane hivi kabla ya sehemu ya kwanza ya riwaya kutoka, tarehe 27 Agosti 1896, meli za Kiingereza ziliupiga mizinga mji wa Unguja kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila ridhaa yao. Vita hivyo vilianza saa tatu asubuhi na kumalizika kabla ya saa nne. Watu karibu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Wells hakuitaja Unguja. Lakini mtu aliyekuwa Forodhani asubuhi ile asingehitaji kuelezwa mwali wa joto ni kitu gani.

Wamirihi, kama tujuavyo, waliuawa na bakteria. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji anapona kwa sababu mgeni amekufa. Ni mwisho wa kupendeza, na kwa historia yetu umekaa kichwa chini. Ni kweli malaria iliwazika Wazungu wengi. Lakini sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, iliifikia Afrika Mashariki miaka michache baadaye na kumaliza mifugo ya Wamasai na wengine wengi, nao wakafa kwa njaa. Ndui ikafuata. Wakoloni walipofika na hati zao, walikuta malisho matupu wakayaita ardhi isiyo na mwenyewe. Vijidudu vya Wells vilipigana upande wa wenyeji. Vya kwetu mara nyingi vilimtangulia mgeni kumsafishia njia.

Silinda ilikuwa na mzao mmoja wa kweli. Mwaka 1898 kijana wa miaka 16 huko Massachusetts, Robert Goddard, aliisoma riwaya hiyo, akaanza kuwaza namna ya kufika Mirihi. Hakuufuata mzinga. Tarehe 16 Machi 1926, katika shamba moja huko Auburn, alirusha roketi ya kwanza duniani ya mafuta ya maji maji. Ilipaa mita 12 hivi na kuanguka baada ya sekunde mbili na nusu. Mwaka 1932 alimwandikia Wells kumweleza kitabu kile kilivyomgusa.

Kisha roketi zikafika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani iliondoka kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kutafuta eksirei za angani tu. Waliipa jina Uhuru. Haikubeba mtu wala silaha. Kazi yake ilikuwa kutazama, na iliyoyaona yalisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Jukwaa halikuwa letu, roketi haikuwa yetu, wala data haikuwa yetu. Jina tu ndilo lilitoka kwetu.

Leo watu wanazungumza tena juu ya kuhamia Mirihi, na neno wanalotumia bila haya ni koloni. Huko hakuna mwenyeji tunayemjua, na mtu anaweza kusema basi neno halina ubaya. Mimi ningemwomba mtu huyo arudi kwenye shimo la Horsell na aulize juu ya kila chombo kipya alichouliza Ogilvy, nani yumo ndani, kisha aongeze swali ambalo Ogilvy hakuishi kuuliza: je, kina njia ya kurudi, na walioachwa nyuma watawadai nini waliokwenda?