Bustani ya Kaya Wilayani Same: Vifaa na Miradi Midogo ya Kuiwezesha Kuzaa Hata Kiangazi

Wilaya ya Same, Mkoani Kilimanjaro, ina sura mbili. Upande wa juu ni Milima ya Upare yenye misitu, migomba, kahawa na mashamba ya tangawizi, ambako Kilele cha Shengena hufikia kimo cha takriban mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Upande wa chini ni tambarare kavu inayopitiwa na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha, ambako mkonge na miti ya miiba hustawi kuliko mboga. Umbali kati ya sura hizo mbili ni mdogo, lakini bustani inayofaa huku si lazima ifae kule.

Mvua za wilaya hii hunyesha kwa misimu miwili: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Baada ya masika hufuata kiangazi kirefu, ambacho ndicho kipimo halisi cha bustani ya nyumbani. Katika miezi hiyo mboga za majani hupanda bei sokoni, na kaya isiyo na bustani hulazimika ama kununua au kula ugali kwa kitoweo kisicho na mboga. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza cha bustani wilayani Same si jembe wala pampu, bali ni chombo cha kuhifadhi maji. Vifaa vingine vyote hufuata baada ya hapo.

Funzo la ndiva

Wapare walitambua jambo hili tangu zamani. Katika milima yao walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya mawe na udongo wa mfinyanzi, yanayojazwa kwa mifereji kutoka vijito vya juu. Ndiva hukusanya maji usiku, wakati hakuna anayemwagilia, na hufunguliwa asubuhi ili wakulima wayatumie kwa zamu. Ujenzi na usafishaji wake hufanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya jamii. Ndiva kadhaa zimeimarishwa kwa saruji na zinaendelea kutumika, ikiwemo ndiva ya Manoo katika Kijiji cha Bangalala.

Ndiva hufuata kanuni tatu: kukusanya maji yanapopatikana hata kama hayahitajiki wakati huo, kuyahifadhi mahali pa juu ili yateremke yenyewe, na kuyatumia kwa kipimo. Kanuni hizo zinaweza kutumika katika kiwanja cha nyumba kwa paa la bati, tangi na mabomba machache.

Kupima maji kabla ya kupima bustani

Mvua ya milimita 1 inayonyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Kwa hesabu hiyo, paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, yaani mita 40 za mraba, hupokea lita 800 katika mvua moja ya milimita 20. Sehemu ya tano hivi hupotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka, hivyo kaya inaweza kutarajia takriban lita 640. Mvua tatu au nne za namna hiyo zinatosha kujaza tangi la lita 2,000.

Kwa upande wa matumizi, mboga katika eneo kavu huhitaji wastani wa lita 4 hadi 5 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Matuta mawili yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 kila moja, yaani mita 10 za mraba, yatatumia lita 40 hadi 50 kwa siku, sawa na ndoo mbili au mbili na nusu za lita 20. Tangi la lita 2,000 litahudumia matuta hayo kwa siku 40 hadi 50. Tangi la lita 5,000 litayahudumia kwa siku 100 hadi 125, ambazo ni karibu kiangazi kizima, iwapo maji yake hayatumiki kwa shughuli nyingine.

Hesabu hii humwonesha mwenye kaya ukubwa wa bustani anayoweza kuihudumia hadi mwisho wa kiangazi. Matuta mawili yanayopata maji ya kutosha huipa familia mboga nyingi kuliko robo eka inayokauka mwezi Julai.

Mradi wa kwanza: kuvuna maji ya paa

Vifaa vinavyohitajika ni gata, bomba la kuteremshia maji, chujio, tangi na koki. Gata hufungwa kwa mteremko wa takriban sentimita 1 kwa kila mita 1 ili maji yasituame. Maji ya mwanzo ya mvua hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo lita 20 hadi 40 za kwanza huelekezwa nje ya tangi. Mdomo wa tangi hufunikwa kwa wavu mwembamba ili kuzuia mbu na majani, na mfuniko hufungwa imara kwa usalama wa watoto.

Tangi huwekwa juu ya jukwaa la mawe au matofali lililo imara, kwani lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Jukwaa lenye kimo cha mita 1 linatosha kusukuma maji hadi kwenye matuta bila pampu. Kaya isiyoweza kununua tangi kwa mara moja inaweza kuanza na mapipa ya lita 200, kwa sharti kuwa hayakuwahi kubeba kemikali au mafuta.

Maji yaliyooshea mboga na nafaka yanaweza pia kumwagiliwa bustanini. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arishia nguo hayafai.

Mradi wa pili: matuta yanayolingana na mahali

Katika tambarare, matuta yaliyozama hufaa zaidi. Udongo wa juu hutengwa, shimo huchimbwa kwa kina cha sentimita 30, kisha udongo huchanganywa na samadi iliyooza na kurudishwa hadi tuta libaki chini ya njia kwa sentimita 10 hivi. Tuta la namna hii hupokea maji na kuyashikilia, na kingo zake hupunguza ukavu unaoletwa na upepo. Upana wa mita 1 humwezesha mtunzaji kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo.

Milimani, ambako mvua ni nyingi na ardhi ina mteremko, matuta yaliyoinuliwa kwa sentimita 15 hadi 20 huzuia mizizi isioze. Matuta hayo hupangwa kwa kukingama mteremko. Ili kupata mstari sahihi, hutumika fremu yenye umbo la herufi A, inayotengenezwa kwa miti miwili ya mita 2, mti mmoja wa kukingama katikati, kamba na jiwe. Fremu husimamishwa juu ya alama mbili na mahali kamba inapopita huwekewa alama. Kisha miguu hubadilishana nafasi na alama ya pili huwekwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo, kila mara kamba inapotulia katikati, miguu yote miwili iko kwenye kimo kimoja.

Kwenye mteremko mkali huchimbwa mtaro wenye upana na kina cha takriban sentimita 60, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Kinga hiyo, inayojulikana kama fanya juu, hupandwa majani ya tembo ambayo hushika udongo na kulisha mifugo.

Penye nafasi finyu, bustani ya gunia ni mbadala. Gunia la kilo 100 hujazwa mchanganyiko wa udongo na samadi, huku katikati pakiachwa nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji hadi chini. Miche ya sukuma wiki au mchicha hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni.

Mradi wa tatu: kutumia maji kwa kipimo

Keni ya kumwagilia yenye matundu madogo inatosha kwa matuta mawili. Kumwagilia hufanywa asubuhi mapema au jioni, chini ya mmea na si juu ya majani. Umwagiliaji wa matone hupunguza kazi na upotevu zaidi: ndoo au pipa lililoinuliwa mita 1 huunganishwa na mipira myembamba yenye matundu, na maji hudondoka kwenye shina. Chujio ni sehemu ya lazima ya mfumo huu, kwa kuwa mchanga kidogo huziba matundu. Mipira hufunguliwa mwisho na kusafishwa kila wiki.

Pampu ya kukanyaga kwa miguu ina manufaa pale tu chanzo cha maji kipo karibu, kwani pampu ya kuvuta haiwezi kunyonya maji yaliyo chini kwa zaidi ya mita 7 hivi. Kaya yenye kisima kirefu zaidi ya hapo isinunue pampu ya aina hiyo.

Matandazo ni kifaa kisicho na gharama. Nyasi kavu, majani ya migomba au mabua ya mahindi yakitandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 hupoza udongo na kupunguza mvuke. Maeneo yenye mchwa huhitaji uangalizi, na matandazo yasigusane na shina la mmea.

Mradi wa nne: mboji, miche na uzio

Mboji hutengenezwa kwa tabaka za majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, katika lundo lenye upana na kimo cha takriban mita 1.5. Lundo huwekwa kivulini, hunyunyiziwa maji liwe na unyevu bila kulowa, na hugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa kawaida huwa tayari baada ya miezi mitatu. Jembe-uma, chepeo na toroli hutosha kwa kazi hiyo.

Tambarare hufaa kwa mchicha, mnavu, majani ya kunde, matembele, bamia na nyanya chungu. Milimani hustawi pia kabichi, karoti na viazi. Kitalu cha miche huwekewa kivuli cha nyasi juu ya fito, na kivuli hicho hupunguzwa hatua kwa hatua kabla ya kuhamishia miche bustanini.

Kuku na mbuzi wanaweza kumaliza kazi ya miezi miwili kwa asubuhi moja. Uzio wa fito, mkonge au minyaa hugharimu kidogo kuliko wavu wa waya. Utomvu wa mnyaa huumiza macho, hivyo ukataji wake ufanywe kwa tahadhari.

Masharti ya sheria na huduma za wataalamu

Bustani haipaswi kuharibu chanzo cha maji kinachoihudumia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Matumizi ya maji ya mito na vijito husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na anayetaka kuyachepusha hupaswa kupata utaratibu wake kwanza. Maji ya ndiva hugawanywa na watumiaji wake kwa zamu, na kaya mpya hujiunga kwa kufuata taratibu hizo pamoja na kushiriki msaragambo.

Mbegu zilizothibitishwa ubora hutambulika kwa lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na viuatilifu ni vile tu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kila kiuatilifu kina muda wa kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, ambao huandikwa kwenye kifungashio. Utafiti wa mazao ya bustani katika ukanda huu hufanywa na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kilichopo Tengeru, Mkoani Arusha. Kwa mwananchi wa Same, mlango wa kwanza wa huduma hizo ni afisa ugani wa kata.

Kwa kaya inayoanza na fedha kidogo, mpangilio unaofaa ni huu: gata na chombo cha kuhifadhi maji kabla ya mvua za vuli, tuta moja lenye samadi na matandazo, uzio, na baadaye mipira ya matone na tangi kubwa zaidi. Mwezi Septemba ndio wakati wa kukagua paa, kuziba matundu ya gata na kusafisha tangi, ili mvua ya kwanza ya Oktoba isipite bure.