Sifuri Katika Jina la Motokaa

Watu wengi hudhani kwamba jina hutungwa kwa maneno, na kwamba tarakimu ni za kuhesabia tu. Historia ya majina ya motokaa za mbio yaonyesha kwamba sivyo.

Mwezi wa Septemba, 1963, kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilionyesha mjini Frankfurt motokaa mpya iliyoitwa 901. Hiyo ilikuwa namba ya mradi tu, wala haikukusudiwa kusifu kitu. Walakini mwaka 1964 kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilitoa madai. Tangu 1929, ilipoanza kuuza motokaa yake ya 201, Peugeot ilizoea kuyapa magari yake majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, nayo ilishika kwamba katika Ufaransa haki ya majina hayo ni yake. Porsche ilikubali. Sifuri ikaondolewa, moja ikawekwa mahali pake, na motokaa ikawa 911.

Hapa twajifunza mambo mawili. Kwanza, kilichoshindaniwa hakikuwa tarakimu zenyewe, maana hizo ni za watu wote, bali muundo wake. Sifuri ile ya katikati ilifanya kazi kama kiambishi cha ngeli: aliyeiona alijua mara moja gari ni la ukoo gani. Pili, jina lisilo na maana huvikwa maana na matumizi. Vizazi vya baadaye vya motokaa hiyo vilipewa kiwandani namba nyingine, kama vile 964 na 993, lakini sokoni vyote viliitwa 911. Ilipohitajiwa kupambanua aina zake, yaliongezwa maneno yaliyotoka katika mashindano: Targa, kutoka Targa Florio ya kisiwa cha Sicily, na Carrera, neno la Kihispania lenye maana ya mbio, kutoka mashindano ya Mexico ya miaka 1950 hadi 1954.

Majina hayo mawili yalikuja kupambana Kenya. Katika Safari Rally ya 1978, Peugeot 504 ilishika nafasi ya kwanza, na Porsche 911 ikawa ya pili. Yenye sifuri iliitangulia iliyonyimwa sifuri.

Nasi tunaotunga istilahi za Kiswahili yafaa tukumbuke jambo hili: mtungaji hutoa jina, lakini maana yake hutolewa na walitumiao.